Kikombe cha Kwanza cha Alambiki

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa pale Kasongo, na wanaonijua watakuambia kwamba nina ugonjwa wa kusahihisha. Nasahihisha vibao vya sokoni, nasahihisha barua za mkuu wa shule, na siku moja nilisahihisha jina lililoandikwa kwenye msalaba wa kaburi, mwenye msiba akaniangalia mpaka nikarudi nyuma. Mtu huyo huyo ndiye anayesimulia habari hizi. Mambo yenyewe yamepita mwaka na nusu sasa, lakini moyo wangu haujarudi mahali pake. Nikisema nilishtuka, sitii chumvi. Bado nimeshtuka hata sasa ninapoandika.

Habari ni za Marcelline, mama mukubwa wangu, yaani dada mkubwa wa mama yangu mzazi. Anakaa Wamaza, kijiji cha upande wa Kabambare. Ukipita njiani hutamtambua katikati ya wanawake wenzake: mfupi, mkavu, mikono imeungua madoadoa mpaka kwenye viwiko, kitambaa kichwani tangu alfajiri. Analima mpunga na muhogo kama wengine. Kusoma hajui, lakini nyimbo za kanisa zaidi ya mia ziko kichwani mwake, maana yeye ndiye anayeimbisha kwaya ya akina mama, na ukikosea ubeti wa tatu atakunyamazisha kwa kidole kimoja tu. Tena anapika lutuku, ile pombe yetu kali inayochemshwa mpaka mvuke wake ugeuke matone. Lutuku hiyo ndiyo iliyonisomesha kutoka darasa la kwanza mpaka diploma. Kuna walimu wenzangu waliosomeshwa na mapadri. Mimi nilisomeshwa na moshi, na sioni haya kusema hivyo.

Wapishi wengi wa Wamaza wanapikia katika pipa la mafuta lililotobolewa na kutiwa bomba. Mama mukubwa ana chombo cha aina yake. Ni chungu cha shaba chenye tumbo pana na kifuniko kirefu, na kifuniko hicho kinajipinda juu na kutoa mdomo kama wa ndege. Kutoka mdomoni bomba linapita ndani ya maji baridi, na upande wa pili matone yanaangukia kwenye chupa. Bibi yake, Sifa, alikuwa mke wa mpishi wa mzungu mmoja mwenye shamba, zamani za Wabelgiji. Mzungu alipokimbia wakati wa vurugu, aliacha kitanda cha chuma, beseni la kuogea na chungu hicho. Wenye nguvu waligombania kitanda na beseni. Bibi Sifa alijitwika chungu, akatembea nacho siku tatu mpaka Wamaza, akaja pia na jina ambalo mzungu alikuwa akikiita: Alambiki.

Katika nyumba ile Alambiki alikuwa mtu. Nilipokuwa mdogo niliambiwa nisipige kelele kwa sababu Alambiki amelala. Moto ukizidi na mdomo ukaanza kutema povu, walisema Alambiki ana hasira. Pombe ikitoka vizuri walimsifu, wakampangusa kwa majani ya muhogo na majivu, naye akang'aa. Nilimwamkia asubuhi kabla ya kwenda shule, na hakuna aliyenicheka.

Sasa sikiliza desturi yenyewe, maana msiba wote umo humo. Matone ya kwanza ya kila mpiko hayakuingia kwenye chupa. Mama mukubwa aliyakinga kwa kikombe kikubwa cha chai, cha bati lililopakwa rangi nyeupe, chenye ukingo wa buluu. Kikijaa, alikibeba mpaka kwenye kona ya uwanja penye jiwe jeusi, akamwaga chini, akasema maneno yaleyale aliyoyasema bibi Sifa: "Ya kwanza ni ya bakubwa." Bakubwa ni wazee wetu waliotangulia, walio chini ya udongo. Ndipo aliporudi na kutega chupa. Hakuwahi kuruka hata mara moja, hata mvua ikinyesha, hata wateja wakisubiri na chupa zao mikononi. Pale penye jiwe hapakuota hata jani moja. Nimepaona pale pakiwa kipara tangu utoto wangu, mimi mwenye diploma, na sikujiuliza kitu.

Mume wake ni Fidèle, mzee mpole, fundi wa kusuka mitego ya samaki na vikapu vya mpunga. Hanywi sana. Anachopenda ni kukaa mlangoni na fito zake, akitazama njia, akitaja kila anayepita kabla hajafika: "Ule ni mutoto ya fulani, anatembea kama baba yake." Macho yake yalikuwa mali yake kubwa, na Wamaza nzima ilijua hivyo. Akipotea mbuzi, watu walikuja kumwuliza Fidèle amepita wapi.

Mwaka juzi lilikuja kanisa dogo la uamsho, na mama mukubwa akahamia huko pamoja na nusu ya kwaya. Pasta wao, Roger, alikuwa kijana mwenye sauti ya kuamsha maiti. Kuhusu pombe hakusema neno, labda kwa sababu mabati ya kanisa lake yalitoka mlemle kwenye pombe. Kilichomkera ni jina. Alipita siku moja akamsikia mama mukubwa akikiambia chungu, "Alambiki, usinipatishe haya leo," akasimama palepale. Jumapili alitangaza kwamba katika nyumba ya mwimbishaji kuna pepo mwenye jina, anaongeleshwa na kunyweshwa. Ama pepo atoke, ama mama asisimame tena mbele ya kwaya.

Mama mukubwa alinipigia simu akitumia simu ya jirani. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Joël, mwanangu," alisema, "pasta anasema Alambiki ni jina ya pepo. Mi sijui. Bibi aliniachiaka tu ile jina, hakuniambiaka inatoka wapi. We ulisoma. Unitafutie."

Nilicheka, kisha nikaona hasira. Kwaya ndiyo pumzi ya mama yangu yule, na chungu ndicho mikono yake. Atachaguaje? Jioni ileile nilifungua kamusi kubwa ya shule, ile yenye jalada lililoliwa na mende, nikalipata neno bila jasho. Alambic: chombo cha zamani cha kukenekea, yaani cha kugeuza mvuke kuwa maji. Wafaransa walilipata kwa Waarabu, waliosema al-anbiq. Waarabu nao walilipata kwa Wayunani, ambao waliliita ambix, na maana yake ilikuwa kikombe tu, chombo cha kutilia kinywaji. Kesho yake nilimwuliza mwenzangu anayefundisha madrasa, akathibitisha ile ya Kiarabu. Nilifurahi kupita kiasi. Neno limetoka Uyunani, limepita Uarabuni, limepita Ufaransa na Ubelgiji, limekuja kubebwa na bibi Sifa kichwani mpaka Wamaza. Niliomba ruhusa shuleni, nikaifunga kamusi ndani ya nailoni, nikapanda pikipiki.

Jumapili baada ya ibada nilisoma mbele ya watu wote. Nilisoma kwa Kifaransa kwanza ili wanyenyekee, halafu nikafasiri. "Pasta," nilisema, "hapa hakuna pepo. Kuna kikombe." Watu walicheka na kupiga makofi, na mama mukubwa alijifunika uso kwa kitenge ili nisione kwamba analia.

Pasta Roger hakuwa mjinga. Alingoja makofi yaishe. "Nimesikia, mwalimu. Jina ni jina, nimeitika. Lakini ile ya kwanza anamwangiaka wazee chini ya jiwe, nayo iko mu kitabu yako?"

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Ningesema sijui, ningesema nitauliza, na leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini mtu wa kusahihisha akipewa makofi hataki yaishe. "Hapana," nilijibu, "haiko. Ile ni desturi tu ya zamani. Ni kupoteza pombe muzuri bure."

Mama mukubwa alishusha kitenge akaniangalia. "Ni vile kweli, Joël? Haina maana?"

"Haina maana, mama mukubwa."

Aliniamini. Hakuwa na sababu ya kutoniamini. Kamusi ilikuwa bado imefunguka mkononi mwangu. Wakapatana palepale: Alambiki abaki na jina lake, kumwaga kukome, mama arudi kwenye kwaya. Wote tukaenda kula wali kwa pasta, nikajiona mtu mwenye akili sana.

Wiki hiyohiyo alikuwa anaolewa mtoto wa ndugu yake Fidèle, kwa hiyo nilibaki kwa ajili ya arusi. Mama mukubwa alipika mara tatu, siku tatu mfululizo, muhogo na mahindi na ndizi zilizoiva mpaka zikalegea. Siku ya kwanza kikombe kilipojaa, niliuona mkono wake ukikwama. Hakuweza kumwaga, kwa sababu alikuwa ameahidi mbele ya kanisa. Hakuweza pia kuichanganya pombe ile na nyingine, mkono ulikataa, kwa sababu ya kwanza haikuwahi kuwa ya kuuza. Alisimama na kikombe chake katikati ya uwanja, akafikiri. Kisha akakimimina katika chupa ya peke yake, akaiweka juu ya kabati.

"Ya kwanza ni ya bakubwa," aliniambia, kama anayeomba ruhusa. "Kama si bale ba chini ya udongo, basi ni mukubwa ya nyumba. Nitamupatia baba yako Fidèle. Ni heshima yake."

Nilimwambia hilo ndilo wazo zuri kuliko yote. Nilisema wazee walio hai ndio wenye haki. Niliyasema hayo kwa mdomo wangu huu.

Vikombe vitatu vya mipiko mitatu vilikusanyika katika chupa ile. Siku ya kuamkia arusi, mchana, niliichukua mimi mwenyewe nikampelekea baba mukubwa mlangoni pake, na glasi, na maneno ya kupamba. Alinusa. "Inanuka kama rangi ya kupaka mulango," alisema.

"Ni kali kwa sababu ni ya kwanza, baba mukubwa. Nguvu yote iko mule."

"Ah. Kama ni Marcelline njo amepika, siwezi kukataa." Akanywa polepole mchana kutwa, huku akisuka, kwa kumheshimu mke wake. Jua lilipoanza kushuka chupa ilikuwa imebaki kidogo sana.

Asubuhi alilalamika kichwa na tumbo, tukamcheka, tukasema arusi imemwanzia mapema. Saa nne hivi ngoma zilikuwa zimechangamka na uwanja umejaa watu. Jua lilikuwa kali, lile la kukausha mpunga. Baba mukubwa alikuwa amekaa kwenye kiti katikati ya uwanja, nikampelekea uji. Niliunyoosha mkono na bakuli, naye akaunyoosha mkono wake pembeni, kwenye hewa tupu. Akapapasa, akapapasa tena.

"Joël," alisema taratibu, kama anayetaka sababu, "juu ya nini munafunga mulango?"

"Mulango gani, baba mukubwa? Tuko inje."

Aliinua uso kuelekea jua. "Basi ni ukungu. Leo ukungu iko mingi."

Hakukuwa na ukungu. Nilisimama na bakuli la uji, jua linanichoma shingo, na mwili wangu wote ukawa baridi kana kwamba nimetumbukizwa katika mto Lualaba. Nilipitisha mkono mbele ya macho yake. Yalikuwa wazi, makubwa, na hayakuufuata mkono. Mama mukubwa alikuwa anaimbisha upande wa pili wa uwanja. Aliniona nikipunga mkono mbele ya uso wa mume wake, na wimbo ukamkatikia kinywani. Sijawahi kumsikia akikata wimbo, tangu nizaliwe.

Tulimweka kwenye pikipiki, yeye katikati ya dereva na mimi, nikamfunga kwa kitenge kiunoni mwangu asianguke. Njia ya Kasongo unaijua, na kama huijui bora. Kila tulipovuka daraja la magogo aliniuliza, "Hapa ni wapi?" Yeye, aliyewahi kutuonyesha njia sisi sote. Nilimtajia, naye alisema ahaa, na mimi nilimshukuru Mungu kwamba nimekaa nyuma yake na haoni uso wangu, kisha nikakumbuka kwamba hata ningekaa mbele asingeuona.

Hospitalini tulipokewa na muuguzi anayeitwa Émérance, mwanamke mnene mwenye haraka. Alimulika macho ya mzee kwa tochi, akauliza amekunywa nini.

"Lutuku ya nyumbani," nilisema.

"Lutuku gani? Watu wengi wanakunywa lutuku, hawafike hapa hivi."

"Ya kwanza. Matone ya kwanza. Mipiko mitatu."

Aliweka kalamu mezani. "Ya kwanza? Hamukumwanga?" Aliendelea, na sasa hakuwa na haraka tena. "Mama yangu anapikaka kule Kabambare. Niko mudogo hivi, akanifundisha: ya kwanza haiingie mu kinywa ya mutu. Kuna sumu inakimbiaka kupanda mbele ya pombe. Inaua macho, ikizidi inaua mutu. Kila mwanamuke anajua kumwanga. Nani aliwaambia muache?"

Mimi, ambaye nina jibu la kila kitu, nilitazama sakafu. "Ni mimi," nilisema.

Walimpigania baba mukubwa siku tano. Hakufa. Macho hayakurudi. Anaweza kujua kama ni mchana au ni usiku, basi.

Mama mukubwa alifika siku ya pili, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilimweleza nje, chini ya ukuta, maneno yote ya muuguzi. Nilimweleza pia kwamba kosa ni langu, nikangoja anipige. Ningependa angenipiga. Alikaa chini, miguu ameinyoosha, akatazama viganja vyake.

"Kumbe," alisema. "Miaka yote ile, bakubwa walikuwa banakunywa sumu yetu juu yetu, kwa ajili yetu."

Kisha akalia, na mimi nikalia, na watu waliokuwa wakipita walidhani tumefiwa.

Je, bibi Sifa alijua? Nimewauliza wapishi wote wa Wamaza. Mmoja aliniambia yeye anamwaga ili kuosha bomba. Mwingine alisema ni ya wazee. Wa tatu alisema mama yake alimwaga na yeye anamwaga, niache maswali. Hakuna aliyejua sababu, na wote walimwaga. Mwanamke yule asiyejua kusoma alikuwa ameshika kitu kilicholinda watu miaka sitini, na mimi nilikuja na kitabu nikakinyang'anya mbele ya watu, huku wananipigia makofi.

Pasta Roger alikuja Wamaza tuliporudi. Alikaa sakafuni mbele ya baba mukubwa, sauti yake yote imekwisha, akamshika miguu. Hakuomba sala ndefu. Wakati wa kuondoka alimwambia mama mukubwa, "Mama, umwange. Mimi sitauliza tena." Sikumpenda hapo kabla, siku hiyo nilimwona ni mtu kama mimi.

Mama mukubwa alikaa miezi minne bila kuwasha moto chini ya Alambiki. Kisha akarudi kupika, kwa sababu nyumba sasa ina mtu mmoja tu wa kulima. Fidèle bado anasuka, vidole vyake havihitaji macho, lakini siku ya kupika anasogezwa karibu na bomba. Pua yake imekuwa kali ajabu. Ananusa matone, anatikisa kichwa, ananusa tena, na mpaka aseme "Sasa" hakuna anayetega chupa. Kikombe cha ukingo wa buluu anakibeba mwenyewe, anahesabu hatua mpaka kwenye jiwe, anamwaga. Mara ya kwanza nilipomwona akifanya hivyo, aligeuka upande wangu kwa kusikia pumzi zangu.

"Usilie, Joël. Tulisema ya kwanza ni ya bakubwa. Na mi niko mukubwa. Hamukukosa sana."

Alitaka kunichekesha. Nilikichukua kikombe mkononi mwake nikaenda kukiosha.

Mwezi uliopita, nilipokuwa nakwenda likizo Wamaza, baba mukubwa aliniomba nije na kamusi. Niliileta, nikidhani anataka hadithi ya Wayunani, maana anaipenda. Nilimsomea yote tena: Wafaransa, Waarabu, Wayunani, kikombe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na kikombe ya kwanza, inasema wapi?"

"Haisemi, baba mukubwa."

"Mutu akisoma ile tu, atajua kupika?"

"Hapana."

"Basi haiyaisha bado. Wewe njo unasahihishaka watu. Sahihisha."

Kamusi ni ya shule, na adhabu ya kuandika ndani yake naitangaza mimi mwenyewe kila mwanzo wa mwaka. Nilitoa kalamu. Pembeni mwa neno lile, kwa herufi ndogo, niliandika kwa Kiswahili: Matone ya kwanza humwagwa chini. Hayanywewi na mtu. Amefundisha Marcelline wa Wamaza. Nilimsomea. Aliniambia nimwonyeshe ni wapi, nikachukua kidole chake nikakiweka juu ya wino, naye alikaa nacho pale mpaka wino ukakauka.